Gari la zamani haliwaki: kuufuata umeme kutoka betri hadi plagi

Gari la miaka ya 1970, 1980 au mwanzoni mwa 1990 likigoma kuwaka, hukumu huwa imeshatoka kabla boneti haijafunguliwa: betri imekufa. Inanunuliwa betri, gari linawaka siku mbili, linagoma. Inashushwa stata (mota inayozungusha injini), inatiwa makaa mapya (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani yake), linawaka wiki, linagoma tena. Mwisho wa yote mtu anagundua kwamba waya wa ethi, yaani wa kurudishia umeme, unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi umeoza ndani kwa ndani, na ulikuwa umeoza tangu siku ya kwanza.

Kwa Tanga hilo ndilo la kutarajia. Gari linalolala Raskazone au Sahare linapigwa usiku kucha na upepo wenye chumvi. Pikapu inayobeba samaki kutoka Deep Sea inachuruzikiwa maji ya chumvi kwenye chasisi kila siku, na hakuna anayeiosha chini. Chumvi na unyevu haviendi kwanza kwenye vifaa vyenyewe, vinakwenda kwenye maungio: vibanio vya betri, skrubu za ethi, vichwa vya waya, plagi za rilei (swichi zinazoendeshwa na umeme). Ndiyo maana mwongozo huu unapima maungio kabla ya kulaumu kifaa chochote, na hakuna kipuri cha kununua mpaka mita iseme.

Unachohitaji si kingi. Mita ya dijitali ya bei nafuu inatosha, ila betri yake ya ndani iwe nzima, kwa sababu ikichoka mita hudanganya kwa kuonyesha volti nyingi kuliko zilizopo. Tengeneza taa ya kupimia kwa balbu ya volti 12 wati 5, holda na nyaya mbili za mita moja na nusu hivi. Ongeza brashi ya waya, msasa, spana namba 8, 10, 12 na 13, nyaya za kuazimia chaji, na mtu wa kugeuza ufunguo. Gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe, pete na saa ya chuma vivuliwe. Sigara ikae mbali na betri, maana gesi inayotoka kwenye maji yake hulipuka.

Sikiliza kabla ya kushika spana

Washa taa kubwa za mbele, kisha piga stata huku ukizitazama zikimulika ukutani. Sauti na mwanga pamoja vinakupa nusu ya jibu.

Kama ni kimya na dashibodi nayo giza, umeme hauondoki kwenye betri kabisa. Tazama vibanio, ethi kuu, na kwenye Toyota zile nyaya fupi za fyuzi zilizo karibu na kichwa cha chanya. Zivute taratibu kwa vidole: waya mzima hukataa, ulioungua ndani hunyumbuka kama mpira wa manati.

Kimya huku taa zikiwaka kwa nguvu bila kufifia hata kidogo maana yake stata haijaambiwa izunguke. Shida iko kwenye switchi ya ufunguo, waya mwembamba wa kuamsha stata, swichi ya gia kwa gari la otomatiki, au alamu iliyofungwa mtaani. Gari la otomatiki lijaribu kwenye N kabla ya lolote, kwa sababu swichi ya gia ikilika hukataa P na kukubali N.

Mlio mmoja mzito, "tak", kisha kimya: otomatiki ya stata (swichi ya sumaku iliyofungwa kwenye stata, siyo gia ya otomatiki) imevuta, lakini umeme mkubwa haujapita kwenda kwenye mota. Mlio wa "tatatatata" mfululizo ni betri dhaifu au ungio bovu. Otomatiki inavuta, stata inaomba umeme mwingi, volti zinaanguka, otomatiki inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Stata inayozunguka kivivu ni mojawapo ya hayo hayo lakini kwa kiwango kidogo. Ikizunguka yenyewe "wiiii" bila kugeuza injini, bendiksi (gia ndogo ya stata) imeteleza au meno ya flaiwili (gurudumu la injini inaloling'ata) yameliwa, na hapo mita haina kazi.

Na kama injini inazunguka kwa kasi yake ya kawaida ila haishiki, iache betri na stata zipumzike. Ruka hadi sehemu ya "Injini inazunguka, haishiki", au ya dizeli.

Jambo moja la kuondoa njiani: taa zikizimika kabisa na ukasikia "tak", weka spana kwenye puli ya kranki uigeuze injini kwa mkono. Injini iliyokwama, au iliyoingia maji masika ukipita kwenye dimbwi, hutoa dalili zile zile za betri mbovu.

Betri: pima imelala, kisha pima inafanya kazi

Kama gari lilikuwa linatembea au betri imetoka kwenye chaji, washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri kidogo ndipo upime. Usipofanya hivyo unapima chaji ya juu juu. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.4 ina takriban robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni robo. Ikisoma karibu na 10.5 na haipandi hata ukiichaji, chumba kimoja kati ya sita kimekufa, na hiyo haifufuki kwa asidi ya kuongeza.

Betri yenye vifuniko vya kufungua ina ushahidi bora zaidi. Ukiwa na haidromita (kipimo cha uzito wa asidi), kila chumba kipimwe peke yake: 1.265 ni kujaa, 1.190 ni nusu. Chumba kimoja kikiachana na vingine kwa 0.050 au zaidi, betri hiyo imekwisha. Maji yakiwa chini ya bamba, jaza maji ya betri, siyo ya bomba na siyo asidi. Kinachopotea kwa joto ni maji, asidi inabaki humo humo.

Sasa kipimo ambacho wengi hawakifanyi. Zuia injini isiwake: kwa petroli chomoa waya wa koili (inayotengeneza umeme wa cheche) unaokwenda kwenye distribyuta (inayougawa kwa plagi) na uugusishe bodi, au chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa petroli wa kompyuta), kwa dizeli chomoa waya wa selenoidi ya kukata mafuta kwenye pampu. Weka ncha za mita juu ya vichwa vyenyewe vya betri, ile risasi, siyo vibanio. Mwenzako apige stata kwa sekunde tano hivi. Volti zisishuke chini ya 9.6.

Namba hiyo inatafsirika namna mbili, na hapa ndipo pesa nyingi zinapookolewa. Zikianguka hadi 7 au 6, umeme unatoka kuliko betri inavyoweza: ama betri ni dhaifu hata kama ilisoma 12.6 ikiwa imelala, ama stata ina shoti, ama injini ni nzito. Azima betri unayoiamini. Zikianguka hivyo hivyo, mkosa ni stata au injini nzito. Lakini volti zikibaki 12 na zaidi huku stata ikijivuta au imekaa kimya baada ya "tak", betri haina hatia. Umeme umezuiwa njiani.

Tahadhari kwa wenye Land Rover za zamani sana, za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960: nyingi zilitoka kiwandani na ethi ya chanya, yaani kichwa cha chanya ndicho kinachofungwa kwenye bodi. Nyingine ziligeuzwa baadaye, nyingine hazikugeuzwa. Angalia kwa macho kabla ya kuunganisha altaneta (inayochaji betri), redio au nyaya za kuazimia chaji. Na kuna Land Cruiser za dizeli za volti 24 zenye betri mbili; hapo usiazime chaji kutoka kwenye gari dogo.

Kutafuta volti zinazopotea njiani

Kosa kubwa ni kupima waya mnene kwa taa au kwa omu. Balbu ya wati 5 inahitaji chini ya nusu ampea, kwa hiyo waya uliobaki na nyuzi tatu nzima utaiwasha vizuri na wewe utasema waya ni mzima. Stata ya injini ndogo ya petroli inavuta ampea 100 hadi 200, na ya dizeli zaidi sana. Chukua ukinzani wa omu 0.01, ambao mita yako haiwezi hata kuuona. Ukipitiwa na ampea 150, unameza volti 1.5. Maungio matatu ya namna hiyo yakipangana, stata inabaki na volti za kuwasha balbu tu.

Kwa hiyo pima umeme ukiwa unapita. Mita iwe kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Injini bado imezuiwa kuwaka.

Anza na upande wa ethi, kwa sababu hapa pwani ndiko kunakooza kwanza. Ncha nyeusi iguse kichwa chenyewe cha hasi cha betri, ncha nyekundu iguse chuma kitupu cha bodi ya stata au bloku ya injini, siyo rangi na siyo kutu. Piga stata. Mita inapaswa kusoma 0.2 au chini. Ikisoma 0.8 au 2, umempata mhalifu, kilichobaki ni kumfuata alipo. Usiondoe ncha nyeusi. Sogeza nyekundu kwenye kibanio cha hasi, kisha kwenye kichwa cha waya pale unapofungwa kwenye bodi, kisha kwenye bodi penyewe pembeni ya skrubu, kisha kwenye injini, kila mara stata ikipigwa. Mahali ambapo namba inaruka ghafla ndipo penye ungio bovu. Ungio moja zuri halizidi 0.1.

Magari mengi yana ethi mbili: moja kutoka betri kwenda bodi au chasisi, nyingine ya kusuka kutoka injini au giaboksi kwenda bodi. Hii ya kusuka husahaulika ikishushwa injini, au hurudishwa juu ya rangi mpya. Injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo isipokuwa na ethi yake umeme hutafuta njia nyingine: kebo ya akselereta, kebo ya klachi, hata bomba la breki. Kebo ya akselereta ikipata moto au ikianza kunata baada ya kupiga stata, usiitie oili, tafuta ethi ya injini. Njia ya haraka ya kuhakikisha ni kufunga waya mmoja wa kuazimia chaji kutoka hasi ya betri moja kwa moja hadi kwenye bloku. Stata ikizunguka kwa nguvu, jibu umelipata bila mita.

Upande wa chanya unapimwa vile vile. Ncha nyekundu kwenye kichwa cha chanya cha betri, nyeusi kwenye skrubu nene ya stata inayopokea waya wa betri. Ukipiga stata isizidi 0.5 kwa njia nzima. Ikizidi, sogeza hatua kwa hatua kama ulivyofanya kwenye ethi. Chunguza sana vibanio vile vya bei chee vya kukaza kwa skrubu mbili juu ya waya: nyuzi za shaba zimebanwa tu bila kulehemiwa, hewa ya bahari inaingia, na ndani ya mwaka zimegeuka kijani. Kibanio kinaweza kung'aa kwa nje na kuwa na ngozi nyeusi kwa ndani pale kinapokutana na risasi ya betri. Fungua, usitazame tu.

Kipimo cha mwisho katika sehemu hii ni otomatiki yenyewe. Ncha moja kwenye skrubu inayopokea waya wa betri, nyingine kwenye skrubu inayopeleka umeme ndani ya mota. Kabla ya kugeuza ufunguo mita itasoma volti zote za betri. Ukigeuza ishuke hadi chini ya 0.3. Ukisikia "tak" na mita ikang'ang'ania 12, vile vipande vya shaba vinavyokutana ndani ya otomatiki vimeungua. Kwenye stata za Denso zilizofungwa kwenye Toyota nyingi, vipande hivyo vinauzwa peke yake. Ondoa hasi ya betri, shusha stata, fungua kifuniko cha duara, utaviona viwili pembeni na plunja yenye duara la shaba katikati. Kimoja huwa kimeliwa kuliko kingine. Badilisha vyote viwili, na kama duara la plunja lina mabonde, badilisha na plunja. Anayekuambia ununue stata nzima kwa ajili ya hivyo anakuuzia kitu usichokihitaji.

Lakini mita ikishuka vizuri, waya mnene uko sawa, ethi iko sawa, na mota bado haizunguki, hapo stata ndiyo inashushwa: makaa mafupi yasiyogusa amicha (sehemu ya stata inayozunguka), bushi zilizolika hadi amicha inasugua, au amicha yenye shoti. Mtu akigonga bodi ya stata kwa mpini wa nyundo wakati ufunguo umegeuzwa na ikazunguka mara moja, makaa yamekwisha. Inaweza kukufikisha nyumbani kutoka Muheza. Usiigeuze kuwa desturi.

Otomatiki haivuti kabisa

Tafuta waya mwembamba unaoingia kwenye otomatiki, kwenye alama ya S au 50. Weka mita kati yake na bloku, ufunguo ugeuzwe hadi mwisho. Inatakiwa volti 10 na zaidi. Ukipata sifuri, rudi nyuma: swichi ya gia, rilei ya stata kama ipo, switchi ya ufunguo, na popote alamu ilipokatia waya. Alamu za kufungwa mtaani zina tabia ya kukata waya huu na kuuunga kwa kuuzungusha na utepe mweusi. Joto la Tanga huufanya utepe huo uwe ute, na ungio linabaki wazi.

Ukipata 7 au 8, umeme unafika lakini umechoka. Kwa kawaida vipande vya shaba vinavyogusana ndani ya switchi ya ufunguo vimeungua, maana miaka 30 vimekuwa vikibeba umeme wote wa otomatiki. Unaweza kubadilisha switchi, ila tiba inayodumu ni kuipunguzia kazi kwa rilei ya ampea 40. Waya wa ufunguo uliokuwa unakwenda S uingie kwenye mguu namba 86, mguu 85 uende ethi, mguu 30 utoke chanya ya betri kupitia fyuzi ya ampea 30 kwa waya wa milimita za mraba 4, na mguu 87 uende kwenye S. Rilei ifungwe miguu ikitazama chini, ili maji yasitulie ndani.

Injini inazunguka, haishiki: petroli ya distribyuta

Chomoa plagi moja, ichomeke kwenye waya wake, ilaze bodi yake ikigusa bloku, mbali na tundu ulilolifungua maana mvuke wa petroli unatoka hapo. Piga stata. Cheche iwe ya bluu na yenye mlio. Ikiwa ya njano iliyonyongea, au haipo, chukua waya mnene wa katikati ya kofia ya distribyuta ukaujaribu kwa plagi hiyo hiyo. Cheche ikiwa nzuri hapo na mbaya kwenye plagi, tatizo ni kofia, rota (kidole kinachozunguka ndani ya kofia) au waya za plagi. Asubuhi za masika kofia huwa na umande ndani. Ifute kwa kitambaa kikavu, kisha tafuta mstari mwembamba mweusi kama wa penseli kati ya nguzo moja na nyingine. Mstari huo ni njia ya cheche kutoroka na haufutiki kwa kusugua, nunua kofia. Waya wa plagi wa Toyota usizidi omu 25,000.

Isipokuwepo cheche hata kutoka kwenye koili, washa ufunguo bila kupiga stata, upime skrubu ya chanya ya koili. Usipopata kitu, tatizo ni fyuzi, switchi ya ufunguo au waya. Kwenye gari lenye rezista ya koili, ile ya kauri nyeupe au waya maalumu, utasoma 5 hadi 8 pointi (vigusano vya ndani ya distribyuta vinavyounga na kukata umeme wa koili) zikiwa zimefunga, na hiyo ni sahihi. Rezista hii ina dalili ambayo haifanani na nyingine yoyote: injini inashika wakati unapiga stata, na inazima pale pale unapoachia ufunguo. Wakati wa stata umeme unaipita pembeni, ukiachia unapitia ndani yake, na imekatika. Usiiruke moja kwa moja kwa waya ukasafiri nayo hivyo, koili itachemka na pointi zitaungua.

Funga taa ya kupimia kati ya chanya ya betri na hasi ya koili, kisha piga stata. Taa inapaswa kupepesa. Ikiwaka moja kwa moja, pointi hazifunguki: uwazi umekwisha, au kuna waya unaogusa bodi ndani ya distribyuta, au kondensa ina shoti. Isipowaka kabisa, pointi zina uchafu, au kale kawaya ka ethi ndani ya distribyuta, kanakochezacheza na bamba la advansi, kamekatika chini ya ngozi. Hayo mawili husumbua kuliko koili. Pointi za gari lililokaa miezi bila kuwashwa huota utando usioonekana. Pitisha msasa laini, kisha kipande cha karatasi ngumu safi kuondoa vumbi. Uwazi wa milimita 0.40 unafaa injini nyingi za zamani, Toyota nyingi hutaka 0.45. Pima kwa fila geji kisigino cha pointi kikiwa juu kabisa ya kona ya kamu, siyo popote kinaposimama. Plagi zenyewe 0.7 hadi 0.8.

Kondensa ikifa bila shoti, pointi hurusha cheche kali nyeupe na plagi hubaki na cheche dhaifu. Funga nyingine yoyote nzima kati ya hasi ya koili na bodi, kwa nje, ujaribu. Koili ya kawaida isiyo na rezista husoma omu 3 hivi kati ya skrubu zake mbili, yenye rezista 1.3 hadi 1.8, na kutoka skrubu hadi tundu la katikati ni maelfu ya omu, kwa kawaida kati ya 6,000 na 15,000. Koili inayokufa ikipata moto na kufufuka ikipoa, ipime ikiwa ya moto.

Kwa Toyota za EFI za kwanza kwanza, washa ufunguo utazame taa ya injini kwenye dashibodi. Isipowaka, kompyuta haina umeme: anza na fyuzi na rilei ya EFI, na skrubu ya ethi kwenye manifodi. Ikiwaka, piga stata sekunde chache bila kuzima ufunguo baadaye, kisha unga TE1 na E1 kwenye kiboksi cha vipimo chini ya boneti uhesabu mipepeso. Namba 12 (mpepeso mmoja, kituo, kisha miwili) ni kwamba kompyuta haioni injini ikizunguka, na 14 ni kwamba haipati jibu kutoka kwenye moduli ya koili. Ukiunga +B na FP ufunguo ukiwa umewashwa, pampu ya petroli inapaswa kuvuma.

Dizeli

Dizeli ya zamani inataka umeme mahali pawili tu ukiacha stata. Selenoidi ya kukata mafuta juu ya pampu inapaswa kutoa "tik" ufunguo ukiwashwa. Isipotoa, chomoa waya wake uilishe volti 12 moja kwa moja kutoka betri. Ikilia na injini ikashika, tafuta fyuzi au waya. Plagi za kupasha moto ondoa kwanza bamba linaloziunganisha, kisha gusa kila moja kwa taa ya kupimia iliyoungwa na chanya: isiyowasha taa imekatika. Kwa joto la Tanga mjini injini nyingi huwaka hata zikiwa zimekufa mbili, kwa hiyo mwenye gari hajui mpaka lilale Lushoto usiku mmoja wa Julai. Ukinunua mpya, soma volti zilizoandikwa kwenye ya zamani, maana si zote ni za 12.

Linawaka ukisukuma, asubuhi limelala tena

Injini ikiwa inanguruma kwa mizunguko 1,500 hivi, betri isome 13.8 hadi 14.4. Chini ya 13 altaneta haichaji. Juu ya 15 regyuleta, inayodhibiti chaji, imekufa na maji ya betri yatakauka. Kabla ya kushusha altaneta, washa ufunguo utazame taa ya chaji. Kwenye magari mengi ya zamani umeme wa kuiamsha altaneta unapita ndani ya balbu hiyo. Balbu ikiungua, hakuna chaji, na mtu anauziwa altaneta badala ya balbu. Usichomoe betri injini ikiwaka ili kujaribu altaneta, utaua dayodi zake.

Kama chaji ni nzuri, kuna kinachonyonya usiku. Zima kila kitu, ondoa hasi, weka mita kwenye ampea 10 kati ya waya na kichwa cha betri, na usiguse ufunguo mpaka umalize, vinginevyo fyuzi ya mita inakwenda. Gari la zamani lisizidi ampea 0.05. Ampea 0.5 zinaonekana kidogo, lakini kwa saa 24 ni ampea-saa 12, na betri ya 50 inakuwa nusu ndani ya siku mbili. Chomoa fyuzi moja moja hadi namba ianguke. Isipoanguka kwa fyuzi yoyote, chomoa waya mnene wa altaneta: dayodi iliyovuja hunyonya bila kupitia fyuzi. Redio na alamu zilizofungwa moja kwa moja kwenye betri nazo hazina fyuzi ya kuchomoa, zifuate kwa mkono.

Ungio ulilolikuta bovu, popote lilipokuwa, lifanyie kazi hivi. Ondoa hasi kwanza. Unga mweupe au wa kijani wa kwenye betri uoshwe kwa maji ya moto yenye magadi, vifuniko vya betri vikiwa vimefungwa ili magadi yasiingie ndani, kisha suuza na kausha. Waya ulioota kijani ukate kurudi nyuma mpaka shaba ing'ae. Wakati mwingine kijani kimetambaa sentimita 10 ndani ya ngozi, na hapo badilisha waya mzima. Kichwa kipya kibanwe kwa koleo la kazi hiyo, kilehemiwe, kivikwe mpira wa kusinyaa. Chuma kinachopokea ethi kikwanguliwe hadi kiwe cheupe, funga kwa washa ya nyota (ile pete yenye meno), kaza, ndipo upake grisi au vaselini juu, siyo kabla ya kukaza. Kisha rudisha mita pale pale upige stata tena, uone kama namba imeshuka chini ya 0.1.